Tathmini ya Scratch: orodha na upangaji wake

Scratch, lugha ya programu ya kuunganisha bloku (vipande vya amri vinavyoshikana kwenye skrini) iliyozinduliwa na MIT Media Lab nchini Marekani mwaka 2007, hutolewa bure, inatumika pia kwa Kiswahili, na kwa mtoto anayeanza kujifunza programu sioni inayoishinda. Kasoro zake huanza kuonekana mwalimu anapofika kwenye somo la orodha, yaani mahali programu inapohifadhi vipengele vingi kwa mfuatano.

Ya kwanza ni ndogo. Orodha ikioneshwa jukwaani, sehemu ya skrini ambapo programu huendeshwa, kila kipengele hukaa kwenye mstari wake kikiwa na namba, kuanzia 1. Lakini orodha hiyohiyo ikipachikwa ndani ya bloku ya kusema, inayomfanya mhusika aoneshe maneno, vipengele vyake huunganishwa, hata 7, 3 na 9 vikasomeka 739. Ongeza 10, na ghafla husomeka 7 3 9 10, kwa kuwa nafasi huachwa tu pale ambapo angalau kipengele kimoja kina tarakimu au herufi zaidi ya moja. Utaratibu huu unafaa kwa neno lililotenganishwa herufi moja moja, ila kwa alama za mtihani unapotosha.

Ya pili ni nzito zaidi. Hakuna bloku ya kupanga orodha, jambo ambalo silalamikii, maana kuitunga ni somo zuri lenyewe. Tatizo liko kwenye bloku ya "ndogo kuliko": vipengele viwili vikiwa namba, hulinganishwa kwa thamani, kimoja kisipokuwa namba, vyote viwili hulinganishwa kama maandishi, yaani alama moja moja kuanzia kushoto, tarakimu zikitangulia herufi, bila kujali herufi kubwa na ndogo. Chukua majina ya madarasa 2, 10 na 1A. Scratch itasema 2 ni ndogo kuliko 10, 10 ni ndogo kuliko 1A, kisha 1A ni ndogo kuliko 2. Huo ni mduara, na hakuna mpangilio unaoweza kuutosheleza. Mwanafunzi aliyetunga programu sahihi kabisa atapata majibu tofauti kulingana na orodha ilivyoanza, naye atadhani amekosea yeye. Kwa somo linalokusudiwa kujenga imani katika hoja, hilo silisamehi kirahisi.

Hadi lirekebishwe, andikeni 01A, 02 na 10, na mpangilio utatulia. Na kwa kasoro ya kwanza, orodha isomwe kwa kitanzi, yaani amri zinazorudiwa kwa kila kipengele, kinachounganisha vipengele kwa mkato.