Kibanda cha plastiki cha paka wa nje: kinunue, ila kimto chake kitoe

Kwa paka wasio na mwenyewe msimu wa theluji, kibanda hiki chenye kuta mbili na foamu ngumu ya sentimita 2.5 katikati kinafanya kazi. Udogo wake ndio sifa: paka wawili wakibanana humo, joto la miili yao linatosha. Mlango wa sentimita 15 unampitisha paka, mbwa mkubwa haingii.

Tatizo ni kimto cha kitambaa kinachouzwa nacho. Paka huingia na theluji manyoyani, ikayeyuka, kitambaa kikainywa, na usiku kikaganda chini ya tumbo lake. Washonaji wa mifarishi ndio hukosea zaidi hapa, maana mabaki ya pamba ya kujazia hayaishi nyumbani na huruma nayo haiishi. Yaacheni kapuni! Jaza mabua makavu ya ngano hadi nusu ya kibanda: hayanywi maji upesi, na paka hujichimbia ndani yake. Nyasi kavu za kulisha mifugo hazifai. Hufyonza unyevu na kuota ukungu. Mabua yakilowa, badilisha.

Mfuniko ni mlegevu, ufunge kwa kamba. Kipandishe juu ya matofali, mlango utazame ukuta badala ya upepo, na jiwe zito likae juu. Maji yasiwekwe ndani, yatamwagika. Theluji ikishuka usiku kucha, fukua mlango mapema. Huenda kuna paka amezibiwa ndani.