Mtama wa Mali: unaofuata urefu wa siku au usioufuata?

Tofauti kubwa kati ya mtama wa asili na mbegu za kisasa nchini Mali hutokana na jeni kama Ma1, iliyo sehemu ya saa ya ndani ya mmea. Siku zikiwa ndefu (saa nyingi za mwanga), Ma1 iliyo hai, kama kwenye mtama wa asili, huzuia mmea kuchanua. Ikiharibika, kama kwenye mbegu nyingi za kisasa, mmea huchanua kwa umri wake zaidi kuliko kwa mwanga.

Kwa uhakika wa msimu, nauthamini mno ule wa asili. Uupande Juni au Julai, utachanua karibu wakati uleule, siku zikifupika na mvua zikikaribia kukatika. Punje hukauka vizuri, kuvu hupungua, wala ndege hawakuti shamba moja limetangulia kuiva. Mabua marefu hulisha mifugo.

Kwa mavuno yenye mbolea, wa kisasa huongoza. Mara nyingi ni mfupi (kwa jeni nyingine), hivyo hauanguki ovyo. Ila ukiuwahisha kuupanda, huiva mvuani.

Mvua za kwanza zisipotabirika, shika wa asili. Penye msimu mfupi au umwagiliaji, wa kisasa unafaa zaidi. Mwenye mashamba mawili anaweza kupanda aina zote mbili.