Silksong: gemu kubwa kutoka kwa watu wachache wa Adelaide

Hollow Knight: Silksong, gemu inayofuata Hollow Knight ya 2017, inauzwa dola 20 za Marekani, na walioitengeneza wanatosha kuketi meza moja. Nimeimaliza, nimeanza kuirudia, na kadiri ninavyoicheza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba uzuri wake na ukali wake vina chanzo kimoja: uchache wa hao watu. Ndiyo maana siwezi kuipima gemu hii bila kuieleza studio yenyewe.

Studio hiyo, Team Cherry, ni ya Adelaide, Australia Kusini. Waasisi wake ni Ari Gibson, mchoraji aliyetokea kwenye kazi ya katuni, na William Pellen, mbunifu wa uchezaji. Agosti 2013 waliingia Ludum Dare, shindano la mtandaoni ambalo washiriki hupewa mada moja na muda usiozidi saa 72 kuunda gemu. Mada ilikuwa sekunde kumi. Wakatoa Hungry Knight, kijigemu cha askari mdogo mwenye uso mweupe na pembe mbili, anayekufa kwa njaa asipowahi kula. Mwaka uliofuata mada ilihusu mambo yaliyo chini ya uso wa ardhi. Safari hiyo walichelewa, hawakuwasilisha chochote. Lakini wazo la ufalme mkongwe uliozikwa, wenye wakazi wadudu, liliwaganda, wakamchukua yule askari wao wa kwanza wakamtumbukiza humo.

Novemba 2014 walipeleka wazo hilo Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, wakiomba dola 35,000 za Australia. Watu 2,158 wakachanga 57,138. Miongoni mwa ahadi zao, endapo michango ingevuka lengo, ilikuwa kuongeza mhusika wa pili wa kuchezwa, anayeitwa Hornet.

Hollow Knight ikatoka tarehe 24 Februari 2017, kwanza kwenye kompyuta. Waliijenga kwa Unity, programu ya kuundia gemu, na sehemu kubwa ya mienendo ya maadui waliipanga kwa Playmaker, zana inayomwezesha mbunifu kuunganisha matendo kwa vishale na visanduku badala ya kuandika kodi mstari kwa mstari. Wadudu wote wamechorwa kwa mkono, fremu baada ya fremu. Muziki ni wa Christopher Larkin, naye wa Adelaide. Mauzo yalipanda taratibu, yakapata nguvu zaidi gemu ilipoingia kwenye Switch, mashine ya gemu ya Nintendo, Juni 2018, na kati ya 2017 na 2018 wakaiongezea sehemu nne mpya bila kumtoza mtu senti. Kufikia Agosti 2025 zilikuwa zimeuzwa nakala milioni 15.

Ukishauza nakala milioni 15 unaweza kuajiri umati. Wao hawakuajiri umati. Ahadi ya Hornet, ambayo ilikuwa iwe nyongeza tu, ilinenepa hadi Februari 2019 wakatangaza kwamba itakuwa gemu kamili, ndiyo Silksong. Halafu wakanyamaza. Miaka ikapita, kila maonyesho makubwa ya gemu mashabiki wakiingoja bila kuiona. Baadaye waasisi walieleza sababu kwa maneno mepesi: walikuwa wakiifurahia kazi, kwa hiyo waliendelea kuongeza vitu. Mimi nawaamini, kwa sababu ukiicheza unaviona hivyo vitu walivyoongeza.

Tarehe 21 Agosti 2025 walitangaza kwamba itatoka baada ya wiki mbili. Studio ndogo kadhaa zikaahirisha gemu zao ili zisifunikwe. Septemba 4 ilipofika, Steam na maduka mengine ya mtandaoni yalielemewa na wanunuzi. Hakukuwa na kulipia mapema wala nakala za awali kwa wahakiki, na hilo nililipenda sana. Kwa siku za mwanzo hakuna aliyejua njia, kila mtu akipapasa kivyake.

Sasa gemu yenyewe. Hornet ametekwa na kupelekwa Pharloom, ufalme ambao mahujaji wake hupanda kuelekea Ngome iliyo juu kabisa. Hollow Knight ilikuwa ya kushuka, hii ni ya kupanda, na tofauti hiyo unaisikia mwilini. Hornet ni mwepesi, anakimbia, anadaka kingo za kuta, na tofauti na yule askari bubu, yeye anazungumza. Silaha yake ni sindano. Kila anapomchoma adui anavuna hariri, na hariri ikitosha anajifunga nayo na kurudisha barakoa tatu za uhai kwa mkupuo. Jambo hili limebadilisha vita kabisa. Zamani ulijiponya kidogo kidogo, barakoa moja moja, ukiwa umesimama. Sasa unashambulia ili upone, kwa hiyo mchezaji mwoga hufa kabla ya mchezaji jasiri.

Mchomo wake wa kuelekea chini nao huenda mshazari, na mwanzoni vidole vinagoma. Usikate tamaa mapema: gemu ina nembo ambazo Hornet huzipata njiani, na ukipata ile ya Wanderer, mchomo unarudi kuwa wa wima kama zamani, na kila nembo inabadilisha mtindo mzima wa kupigana. Hapo ndipo ubunifu wa Pellen unang'aa kuliko mahali pengine popote.

Ninachotaka watu watazame kwa makini ni wakazi. Kuna Sherma, hujaji mdogo anayesimama mbele ya lango lililofungwa akiimba na kupiga ala yake, akiamini wimbo ndio utakaolifungua. Kuna Shakra, muuza ramani, shujaa mwenye kuimba kwa lugha yake. Unaingia eneo geni, huna ramani, barakoa moja imebaki, mara unasikia sauti yake kwa mbali. Unaona pete zake zimechomekwa ukutani, unazifuata, unamkuta. Hakuna mshale uliowekwa kwenye skrini kukuelekeza, ni sauti na pete tu. Mtu aliyechora zile pete alijua wimbo utatokea wapi, na aliyeweka wimbo alijua pete zilipo. Katika studio ya watu mia sita jambo kama hilo linahitaji vikao. Hapa linaonekana kama limetoka kwenye kichwa kimoja.

Uchache huo huo ndio unaoleta lawama yangu kubwa. Watu waliokaa na gemu yao kwa miaka yote hiyo wanaijua kama kiganja cha mkono, na nadhani walisahau mgeni anaionaje. Unaanza na barakoa tano. Mabosi wengi, yaani maadui wakubwa, na hata maadui wa kawaida, wanakupunguzia mbili kwa pigo moja, maana yake pigo la tatu linakuua. Basi unahangaika kutafuta vipande vinne vya kuunda barakoa ya sita, unavipata kwa jasho, kisha unagundua kwamba kwa adui wa mapigo ya mbili mbili, sita ni sawa na tano: bado pigo la tatu ndilo la mwisho. Zawadi isiyobadilisha kitu pale unapoihitaji zaidi ni kosa la hesabu, na ningependa walirekebishe.

Chukua pia Last Judge, mlinzi wa njia ya kuingia Ngome. Anazungusha chetezo cha moto kwenye mnyororo, na pambano lenyewe ni zuri mno, kila pigo lina dalili yake. Lakini ukifa, kutoka benchi unapofufukia hadi kwake ni mwendo wa kuruka majabali katikati ya upepo, huku viumbe wakichomoza mchangani. Na ukimshinda, mwili wake hulipuka. Ukiwa na barakoa moja na umesimama karibu, unakufa naye. Kwangu pambano linastahili sifa zote, ile njia ya kumrudia haistahili. Hata benchi, mahali pekee pa kupumzika, kuna moja kule Hunter's March ambalo lina mtego. Lile nililikubali, kwa sababu ni hila ya mara moja na inaeleza tabia ya wenyeji wa eneo hilo vizuri kuliko maandishi.

Sasisho la kwanza liliwapunguza makali mabosi wawili wa mwanzo, Moorwing na Sister Splinter, na kushusha baadhi ya bei za kufungulia mabenchi. Ni hatua nzuri, ila kwa hesabu ya mapigo bado.

Kama hujawahi kucheza Hollow Knight, anza nayo, bei yake ni dola 15. Silksong haikupi muda wa kujifunza misingi, na kumwelewa Hornet kunahitaji uwe umekutana naye akiwa adui kwanza. Ukiweza, tumia pedi ya kuchezea gemu, maana mikimbio na michomo ya kufuatana inachosha vidole kwenye kibodi. Kiswahili hakimo kwenye lugha za gemu, na mazungumzo ya Pharloom yana Kiingereza cha mafumbo, hivyo chukua muda wako kuyasoma. Na unapokuwa na rozari nyingi mfukoni, ambazo ndizo fedha za kule, zipeleke kwenye mashine ya kuzitunga ziwe mkufu kabla ya kumkabili bosi. Zilizotungwa hazidondoki ukifa.