Uzoefu wangu: kuovakloki MX150 kwenye joto la Mombasa

Wadau wa gemu, swali ni kama kuovakloki, yaani kuikimbiza kadi ya picha kupita mwendo wa kiwandani, kwasaidia kwenye laptopu, naanza na jibu ndo niingie kwenye maelezo. MSI Afterburner, programu ya kuovakloki, kwenye laptopu ya kadi ndogo yafanya kazi, tofauti waiona kwa macho si kwa namba tu, lakini kwa sie wa pwani zile slaida zake za kuongeza mwendo ni nusu ya kazi, nusu ingine ni joto, na hilo joto usipolishughulikia kwanza wallahi hata usijisumbue.

Mashine yangu ni zile nyembamba za mtumba wa Uingereza zilizojaa madukani huku, prosesa i5-8250U, ramu 8GB, kadi NVIDIA GeForce MX150 ya 2GB. Muuzaji aliisifia sana, "hii ina kadi yake bosi, si ya kuazima", na kweli anayo haki, ila kuna kitu yeye hajui na wengi wenu pia hamjui. MX150 ilitoka 2017 na ziko aina mbili, jina ni lilelile moja. Kuna ya wati 25 ambayo inaanzia 1468 MHz na kupanda hadi 1532, halafu kuna ya wati 10 inaanzia 937 na ikijikakamua sana kwenye makaratasi yafika 1038. Kumbukumbu nayo, ile kubwa 1502 MHz, hii ndogo 1253. Stika ya nje haikwambii lolote. Pakua GPU-Z, programu ya bure ya kusoma habari za kadi, tazama pale pameandikwa Device ID, ukiona 1D10 ni ile ya wati 25, shukuru Mungu, ukiona 1D12 ni ya wati 10, karibu chamani. Yangu 1D12.

Sasa hizi kadi zote mbili zina kora (vichakataji vidogo vya ndani) 384 na njia ya data ya biti 64 peke yake. Hiyo biti 64 ndo balaa lenyewe. Ni kama feri ya Likoni saa kumi na mbili jioni, hata uwe na gari la mbio namna gani utangoja tu. Kwa hivyo watu wakipata Afterburner wanakimbilia slaida ya kora, mie nawaambia anzeni na ya kumbukumbu, hapo ndo pana nyama. Jihadharini na kitu kimoja, Afterburner huonyesha mara mbili ya ile GPU-Z inaonyesha, kwa hivyo ukiweka +500 kwenye Afterburner kwenye GPU-Z imepanda 250 tu. Na ukipiga hesabu, 1253 na 250 ni 1503, yaani umeifikisha kumbukumbu yako pale ile kadi kubwa hutoka nayo kiwandani, kutoka 40GB kwa sekunde hadi 48. Kwa sumni sifuri! Yangu imekubali hiyo +500 bila neno, nimejaribu kuvuka hapo na kitu cha ajabu ni kwamba haikwami, fremu (idadi ya picha kwa sekunde) ndo zaanza kushuka badala ya kupanda, kwa sababu GDDR5, aina ya kumbukumbu ya kadi hii, ikipata makosa hurudia kutuma data, kwa hivyo msidanganyike kwamba maadamu haijakwama basi iko sawa, pimeni fremu.

Kora nimeweka +150. Slaida ya nguvu na ya volteji kwangu zimefungwa, hazisogei, laptopu nyingi ziko hivyo. Hapo kuna mtu atauliza sasa kama wati ni 10 zilezile hiyo +150 yatoka wapi. Jibu ni kwamba ukiongeza hapo unaiambia kadi kwa volteji ileile ikimbie zaidi, kwa hivyo ndani ya wati zake kumi inapata mwendo wa juu kidogo. Haifiki 1532 msitarajie hayo, GPU-Z itaendelea kuandika Pwr kwenye PerfCap Reason, maana yake umeme ndo umeizuia.

Matokeo? GTA V kwenye 1080p setingi za chini nilikuwa nacheza thelathini na kitu, mjini kwenye magari mengi inazama ishirini na kitu, sai nakaa arobaini na kidogo na ule mzamo umepungua sana. CS2 (Counter-Strike 2) imepanda vilevile ila kwa hiyo bado nashusha hadi 720p. Gemu ya mpira sikuona tofauti kwa sababu nimeifunga 60 na ilikuwa ishafika hapo. Na 2GB itabaki 2GB, hakuna slaida ya kuongeza hiyo, ukiweka tekscha (picha za kufunika vitu kwenye gemu) za juu itaanza kuazima ramu ya mashine na hapo mtalia.

Haya, joto. Prosesa na kadi kwenye hizi nyembamba hutumia bomba moja la kupozea, na mkorofi hapo si kadi, ni prosesa, ikipiga tabo, yaani ikijiongezea mwendo yenyewe, inamwagia jirani moto wote. Miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, chumba chenyewe kiko thelathini na mbili tatu hivi, unyevu juu, utapoza na nini? Mie kabla ya kugusa slaida yoyote nilimpelekea fundi aifungue. Lililotoka kwenye feni si vumbi, ni vumbi lililolowa unyevu likawa kama blanketi, na pesti ya kupitisha joto juu ya chipu imekauka inabanduka. Kusafisha na pesti mpya kumeshusha kutoka nyuzi themanini na kitu hadi sabini na kitu, na hapo sijaovakloki bado. Halafu kwenye Windows, setingi za umeme, weka prosesa isizidi asilimia 99, hiyo inazima tabo, na kwa GTA kama mimi kadi ndo dhaifu hukosi kitu kikubwa. Nyuma inua kidogo ipumue. Zile tebo za feni za taa taa siwashauri, kwangu zilileta kelele kuliko baridi.

Hofu ya kuunguza kadi, volteji ikiwa imefungwa si rahisi, ukizidisha kioo kinakuwa cheusi kidogo draiva inajirudisha, au unaona vidoti vya rangi. Panda kumi kumi, na kile kitufe cha kuanza na Windows usikibonyeze mpaka ushacheza masaa kadhaa salama. Pakua kwa MSI wenyewe au tovuti ya Guru3D, 2021 MSI walitoa onyo kuhusu tovuti feki inayosambaza virusi kwa jina la Afterburner. Na cheza kwenye chaja, kwa betri kadi inajishusha yenyewe.

Jambo la mwisho kwa watu wa huku: chipu ikiwa moto haivumilii mwendo uleule, +150 inayopita vizuri wakati wa kusi Julai yaweza kukwama Februari. Afterburner ina nafasi tano za kuhifadhi, mie ya kwanza ni +150, ya pili +100 ya kaskazi, kumbukumbu yabaki +500 zote mbili. Wenye 1D10 wekeni namba zenu hapo chini tulinganishe.