lua_shared_dict ya OpenResty: uzoefu wangu

Kwa kaunta, vikomo vya maombi na kache ya vitu vidogo, lua_shared_dict ya OpenResty (seva ya wavuti ya nginx yenye lugha ya Lua ndani) inatosha: ni eneo la kumbukumbu linaloonwa na michakato yote ya nginx, huna haja ya kuweka Redis, hifadhi ya data ya kando. Kwa data iliyochanganya vipande vikubwa na vidogo itakutesa, na chanzo chake nitakieleza.

Ukiweka worker_processes auto kwenye mashine ya CPU 8, nginx inazaa michakato 8, kila mmoja na Lua yake. Kigeu cha moduli kikiongezwa na mmoja, wenzake hawakioni. Ndiyo maana kaunta inarukaruka kila ukifungua ukurasa upya.  

Dawa ni eneo la pamoja, nalo linatangazwa ndani ya http, si ndani ya server:

lua_shared_dict hesabu 10m;

Kisha kwenye Lua:

local n, err, forcible = ngx.shared.hesabu:incr(ip, 1, 0, 60)

Usisome kwa get halafu uandike kwa set. Katikati ya hatua hizo mchakato mwingine unapenya na hesabu moja inapotea. Incr inamaliza yote chini ya kufuli (lock) moja, bila mwingine kupenya. Ile 60 ni sekunde za uhai, nayo huwekwa ufunguo unapoundwa tu. Maombi yanayofuata hayaisogezi mbele, na kwa kikomo cha kila dakika hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Sasa kumbukumbu, ambako wengi wanaumia. Eneo likijaa, set haikatai: inafuta kimyakimya vitu ambavyo havijaguswa muda mrefu, hata kama uhai wao haujaisha. Dalili pekee ni forcible kurudi true, na mifano mingi ya msimbo hata haiisomi. Iandike kwenye logi. Kwa data isiyostahili kufutwa, kama vile orodha ya waliozuiwa, tumia safe_set, ambayo inarudisha "no memory" badala ya kufukuza wengine.

Hiyo "no memory" inaweza kukujia hata kwa set ya kawaida. Nginx hugawa eneo kwa kurasa za baiti 4096, na vitu vidogo hupewa nafasi za 32, 64, 128 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili. Kitu cha baiti 130 kinakula 256. Kinachopita 2048 kinachukua ukurasa mzima. Thamani ya KB 40 inataka kurasa zinazofuatana, na kufuta makumi ya vitu vidogo vilivyotawanyika hakuzileti. Dawa ni kutenganisha: eneo moja la kaunta, jingine la maandishi ya JSON. Usishangae pia free_space, inayoonyesha nafasi iliyobaki, ikisema 0 huku set inaendelea kukubali. Inahesabu kurasa tupu tu, si nafasi zilizobaki ndani ya kurasa zilizoanza kutumika.

Jedwali la Lua haliingii. Ni maandishi, namba na kweli/si kweli. Vingine vipitishe cjson, maktaba ya kugeuza data kuwa maandishi ya JSON. Kufasiri JSON kwa kila ombi ni gharama, hivyo juu yake weka lua-resty-lrucache, maktaba ya kache, ya sekunde chache ndani ya kila mchakato.

get_keys(0), inayoorodhesha funguo zote, kwenye eneo kubwa ni hatari: inashika kufuli mpaka imalize, na michakato yote inasubiri.

Kupakia upya usanidi kwa ishara ya HUP hakufuti data, ila ukibadilisha ukubwa wa eneo linaanza tupu. Kuzima na kuwasha nginx pia kunafuta.

Kache ikiisha muda na maombi mengi yakakimbilia hifadhidata pamoja, lua-resty-lock, maktaba ya kufuli, inasaidia: husubiri hadi sekunde 5, na kufuli hujifungua baada ya 30. Ukishaipata kufuli, soma kache tena kabla ya kuuliza hifadhidata, maana aliyekutangulia huenda ameshaijaza. Na kama swali lako linaweza kuzidi sekunde 30, ongeza exptime (huo muda wa 30), la sivyo wawili wataingia kwa pamoja.