Rivyu: Kansas inavyojikopesha yenyewe ili ilipe mishahara, naipa nyota 3 kwa 5

Wabongo na Wakenya mlioko Marekani mnaofikiria kuomba kazi serikalini Kansas, kuna huduma moja pale haitangazwi popote lakini ndo inafanya mshahara uingie kila baada ya wiki mbili hata mfuko mkuu wa jimbo ukiwa umekauka. Iko hivi, kodi zinaingia kwa msimu, Aprili ndo zinamiminika, ila mshahara hausubiri Aprili, kwa hiyo jimbo linaazima hela zilizolala kwenye mifuko yake mingine, linajiandikia hati ya deni, na kabla ya tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unapofungwa kila kitu kiwe kimerudi. Hakuna benki ya nje inayokula riba. Ni kama mama anayechota kwenye bahasha ya ada wiki ya njaa halafu anairudishia. Kwa hilo nawapa heko kabisa.

Nyota ya kwanza inakatwa kwenye idhini. Hati haitoki mpaka baraza la fedha la jimbo likubali, humo yumo gavana na vigogo wa bunge, wakinuniana anayeumia ni mfanyakazi. Februari 2009 zilitakiwa dola milioni 225, viongozi wa bunge wa chama cha Republican wakakataa mpaka gavana Kathleen Sebelius asaini kwanza marekebisho ya bajeti, marejesho ya kodi yakasimama, na wafanyakazi kama 42,000 wakawa roho juu hawajui kama Ijumaa watalipwa au la. Tarehe 17 akasaini, mkopo ukapita. Hela ilikuwepo muda wote jamani! Mtu anayelinda gereza usiku anahusikaje na ugomvi wao?

Ya pili ni mazoea. Enzi za gavana Sam Brownback, baada ya kodi ya mapato kupunguzwa, Julai 2016 walijikopesha dola milioni 900, mwaka wa fedha ndo kwanza unaanza. Hapo sio kuziba pengo la muda tena, hapo mapato hayatoshi. Na mifuko ya kuazima nayo ina mwisho, California Julai 2009 walifika hapo wakawa wanawapa watu hati za ahadi ya kulipa baadaye badala ya hela.

Ningewarudishia nyota moja kama kiasi cha mishahara tu kingetoka bila kupigiwa kura, baraza libaki na ile mikopo mikubwa. Kazi ukiipata ichukue, ila weka pembeni akiba ya mshahara mmoja kabla ya Februari.