Kibanda cha Chapati Kando ya Barabara ya Juja

Kibanda hiki cha mabati, kilicho upande wa mtaa wa Mathare jijini Nairobi, hakina jina ukutani wala orodha ya vyakula, lakini chapati zake ni laini, zenye tabaka zinazofunuka kama karatasi, na madondo yake, yaani maharagwe, huungwa kwa nazi, jambo ambalo sikulitarajia mbali hivyo na pwani. Sahani moja na chapati mbili ni shilingi 90. Chai, kwa bahati mbaya, hutiwa sukari kupita kiasi kabla hujaulizwa.

Nilikifahamu mwishoni mwa Aprili 2024, Mto Mathare ulipofurika na kusomba nyumba za mabondeni. Mama mwenye kibanda aliteleka sufuria kubwa ya uji nje, naye jirani yake muuza makaa, aliyekuwa hasemezani naye kwa sababu ya meza iliyovuka mpaka, akaleta gunia zima bila kuombwa. Waliopoteza makao walikula bila kulipa. Waliobakiwa na chochote walichanga, huyu unga, yule sukari. (Pengine ndiyo asili ya chai ile.) Baadaye, serikali ilipoamuru watu wahame umbali wa mita 30 kutoka mtoni, wateja wengi walitawanyika, ingawa wapo wanaopanda matatu kutoka Kariobangi kuja kula hapa tu.

Saa saba mchana huduma ni ya polepole, na kwa kuwa mabenchi ni mawili, utaombwa usogee ukae bega kwa bega na usiyemjua. Meza iliyogombaniwa bado ipo. Siku hizi makaa huhifadhiwa chini yake.